Ngoma Ileile, Nyimbo za Kukodi

Rhythm Festival, toleo la mfululizo wa michezo ya video ya kupiga ngoma uitwao Taiko no Tatsujin, lilitoka kwenye mashine ya Nintendo Switch Septemba 2022, na Novemba 2024 likaletwa kwenye PS5, Xbox na kompyuta za kawaida. Hapo ndipo lilipotufikia sisi wa Lamu, maana kompyuta tunazo, ilhali Switch za kisiwa hiki ni za kuhesabu kwa vidole. Hukumu niliyoisikia tangu hapo, kutoka kwa vijana wa chumba cha gemu kule Langoni hadi kwa wachambuzi wa mbali, ni fupi: ngoma ni ileile. Wanaosema hivyo hawasemi uongo. Kosa lao ni kuigeuza sifa kuwa lawama, na wakiwa katika kulaumu wakakipita kitu ambacho kimebadilika kweli, nacho ni mapatano baina ya mchezaji na nyimbo anazozipiga. Ngoma ya toleo hili ni nzuri na haikuwa na haja ya kuguswa. Nyimbo zake nyingi, hata hivyo, si za mnunuzi. Ni za kukodi, na hilo ndilo linalostahili kupimwa kabla ya jingine lolote, hasa na mtu anayeishi mahali ambapo bando huisha kabla ya mwezi.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: Namco waliutoa Japani mwaka 2001, ukiwa mashine kubwa ya kumbi za michezo yenye ngoma ya kupigwa kwa vijiti viwili. Kwenye skrini kuna mstari, na juu ya mstari huo alama za duara husafiri kutoka kulia kwenda kushoto hadi zifike kwenye kiduara kimoja kilichotulia. Alama nyekundu ikifika hapo, unapiga katikati ya ngozi. Mlio huo Wajapani huuita don. Ya buluu ikifika, unapiga ukingo, na mlio wake ni ka. Alama kubwa hutaka mikono yote miwili, na ile ndefu ya manjano hutaka mvua ya mapigo mpaka iishe. Ngazi za ugumu ni nne, na ya juu huitwa Oni, yaani zimwi. Kila pigo huhukumiwa papo hapo kuwa zuri, la wastani au baya, na katika ngazi ya zimwi pigo zuri ni lile lililoangukia ndani ya takriban milisekunde 25 kabla au baada ya wakati wake, yaani sehemu moja ya arubaini ya sekunde. Nyumbani mtu hucheza kwa ngoma ndogo ya plastiki, kwa padi, au, kama tufanyavyo wengi wetu huku, kwa kibodi: F na J ndiyo katikati ya ngozi, D na K ndiyo ukingo.

Nyongeza katika Rhythm Festival zipo. Kuna safari ya Don-chan, ile ngoma nyekundu yenye uso, katika mji wa Omiko, ambako mchezaji hupanda daraja kadiri anavyopiga. Kuna michezo ya pembeni ya watu wengi, mmojawapo ukiwa wa kuigiza bendi. Kuna pia njia ya kujifunzia inayomruhusu mtu kurudia kipande kilichomshinda, tena kwa mwendo wa polepole. Safari ya Omiko ni pambo, na michezo ya pembeni husahaulika wiki ya pili. Ile ya kujifunzia ndiyo yenye thamani, nayo ndiyo inayotajwa kwa uchache zaidi. Hata hivyo mapigo ni mawili kama yalivyokuwa mwaka 2001, na hapo ndipo mlalamishi anapouliza alipe tena kwa lipi. Swali lake lingekuwa zito kama upya ndio unaotafutwa katika ngoma. Akina mama wa hapa wanapotoka na vugo katika harusi, kila mmoja hushika pembe ya nyati na kijiti cha kuigongea, na sijapata kumsikia mtu akiuliza mwaka huu pembe imeongezwa nini. Kinachoulizwa kesho yake ni nani aliyeongoza, ni wimbo gani ulioimbwa, na kama msafara ulikwenda pamoja au ulivunjika njiani. Ala inayotulia humpa mpigaji nafasi ya kubadilika yeye mwenyewe. Ala inayobadilika kila mwaka humrudisha kila mtu darasa la kwanza, na mkono uliokwisha kujua unalazimishwa kusahau.

Kama mfano wa vugo unaonekana wa kizee, uko mfano wa sokoni. Guitar Hero, mchezo wa kupiga gitaa la plastiki kwa kufuata skrini, ilianza mwaka 2005, ikavuma kiasi cha kuingia katika nyumba za watu wasiocheza gemu nyingine yoyote. Mwaka 2009 peke yake Activision, kampuni iliyokuwa ikiutoa, walitoa Guitar Hero 5, matoleo ya bendi za Metallica na Van Halen, Band Hero, na DJ Hero iliyokuja na kifaa chake cha kusukuma santuri. Februari 2011 walikifunga kitengo hicho. Ushahidi huu tusiubebeshe mzigo unaouzidi: mchezo ule uliangushwa zaidi na wingi kuliko na mabadiliko, watu wakiwa wamechoka kujaza sebule zao plastiki. Lakini unaonyesha angalau kwamba kuongeza ala juu ya ala hakukuuokoa, wakati Taiko, yenye mapigo yake mawili, imevuka miaka 20 ikiwa bado inapigwa katika kumbi za Japani.

Lawama ya pili ni kwamba mchezo unahukumu kwa uonevu, na hapa nitatoa kisa kimoja tu. Katika kile chumba cha gemu, kompyuta ilikuwa imeunganishwa na spika kubwa ya Bluetooth, zile zenye taa zinazobadilika rangi. Jioni moja akaingia mzee ambaye amepiga vumi, ile ngoma kubwa, katika harusi za mji huu tangu wengi wetu hatujazaliwa, akaombwa ajaribu. Aliweka vidole vinne juu ya kibodi taratibu, kama mtu anayepima joto la chungu, wimbo ukaanza, na karibu kila pigo lake likatoka baya. Vijana wakacheka kwa adabu. Mzee akasema, «Kitu hiki ndicho kinachochelewa, si mimi.» Mwenye chumba akaizima ile spika, akachomeka waya wa spika ndogo ya zamani, akamwambia, «Ami, hebu rudia sasa.» Wimbo uleule, vidole vilevile, na safari hii mapigo mazuri yakawa mengi kuliko mabaya.

Maelezo yake ni mepesi, na laiti yangeandikwa kwa herufi kubwa juu ya kila uchambuzi wa michezo ya mdundo. Sauti inayosafiri kwa Bluetooth mara nyingi huchelewa milisekunde 100 hadi 200, na nyingine huzidi, ilhali mizani ya mchezo inapima kwa 25. Anayefuata sikio lake atapiga kwa haki kabisa na bado ataambiwa amekosea. Runinga nyingi nazo huchelewesha picha kwa kuipamba kabla ya kuionyesha. Mchezo wenyewe una mahali pa kurekebisha tofauti hii katika mipangilio yake, lakini wachache hufika huko, na hivyo hasira inayostahili kuelekezwa kwenye spika huelekezwa kwenye gemu. Lililonishughulisha zaidi si spika. Ni kwamba vijana walikuwa wamecheza siku mbili nzima na spika ileile inayochelewa, na hakuna hata mmoja aliyetambua. Hawakutambua kwa sababu hawakuwa wakisikiliza.

Na hiyo ndiyo hoja nzito dhidi ya Taiko, ambayo ajabu ni kwamba sijaisikia ikisemwa kwa sauti: mchezo huu, kwa namna ulivyoundwa, unaweza kuchezwa na macho peke yake. Nilijaribu mwenyewe kuzima sauti kabisa katika wimbo wa ngazi ya kati, na nikaumaliza kwa alama zilizopungua kidogo tu. Nintendo wana mfululizo wao, Rhythm Heaven, ulioanza Japani mwaka 2006 kwa mchango wa mtunzi wa muziki Tsunku, na toleo lake jipya, Rhythm Heaven Groove, lilitangazwa Machi 2025. Huko hakuna mstari wa alama zinazosafiri. Mchezaji husikia ishara ndani ya muziki wenyewe na hujibu. Mara nyingi picha iliyo mbele yake huwa ya kumchekesha au hata ya kumpoteza, na anayefumba macho anaweza kufanya vizuri kuliko anayekodoa. Njia hiyo iko karibu zaidi na namna mdundo unavyofundishwa huku kwetu. Kijana anayejifunza tari kwa ajili ya Maulidi, inapokaribia Mfungo Sita, haonyeshwi alama yoyote. Hukaa karibu na anayejua, husikiliza, hugonga kidogo kidogo hadi tari lake lipotee ndani ya mengine. Kwa kipimo hiki Taiko inashindwa, na sioni sababu ya kuitetea. Ninaloweza kusema ni kwamba kushindwa huko hupungua kadiri mtu anavyopanda. Katika nyimbo za zimwi alama huja kwa wingi na kasi ambayo jicho haliwezi kuzisoma moja moja. Hapo mchezaji hulazimika kuyakamata mapigo kwa mafungu, kama mtu anayesoma maneno badala ya herufi, na mafungu hayo hayakai mkononi bila sikio kuyapokea kwanza. Ndiyo maana ile njia ya kujifunzia polepole ina thamani kuliko mji mzima wa Omiko: ndiyo sehemu pekee ya toleo hili inayomsogeza mtu kutoka kwenye jicho kwenda kwenye sikio.

Dhaifu kuliko zote ni hoja ya kwamba mchezo kama huu utaua ngoma zetu, na kwamba anayegonga kibodi hatashika tena vumi wala chapuo, ile ngoma ndogo. Sijui ni mpigaji gani aliyewahi kupotezwa hivyo. Vijana wale, kabla Taiko haijaingia, walikuwa katika chumba kilekile wakicheza mpira wa kwenye skrini, na mpira wa kwenye skrini haujaumaliza mpira wa ufukweni. Anayetaka kujua kwa nini vijana wachache hupiga vumi na aulize ni lini mara ya mwisho waliitwa wakae karibu na vumi. Wengine huongeza kwamba mchezaji wa gemu haumbi chochote, anatii tu. Ni kweli, anatii. Lakini hata katika ngoma yenyewe yuko anayeshika mdundo wa chini kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuongeza lake, na bila huyo fundi wa kuchombeza hana pa kusimama. Utiifu wa wakati ni elimu, ingawa si elimu yote.

Turudi kwenye nyimbo, ambako naona kuna jambo la kweli. Toleo la Switch lilipotoka lilikuja na nyimbo 76. Zaidi ya hizo, mchezaji ana milango miwili: kununua nyimbo za ziada, au kulipia kile kinachoitwa Taiko Music Pass, ambacho hufungua zaidi ya nyimbo 500 kwa siku 30 au 90, kisha hufunga. Mtetezi wa mpango huu ana hoja nzuri, na ni haki aisikie msomaji. Nyimbo zina wenyewe. Wenyewe ni lazima walipwe. Hakuna kampuni inayoweza kulipia haki za nyimbo 500 kwa mpigo mmoja na bado iuze mchezo kwa bei ambayo mtu wa kawaida ataimudu. Badala ya mchezaji kununua nyimbo asizozijua, anakodi ghala zima kwa muda, anaonja, anachagua. Kwa mtu mwenye kadi ya benki na intaneti isiyokatika, mpango huu una nafuu ya wazi.

Kasoro ya hoja hiyo ni kwamba inaufananisha wimbo wa Taiko na wimbo wa redio. Wimbo wa redio ukiondoka, umeondoka. Ulikuwa wa kusikilizwa, na umesikilizwa. Wimbo wa ngazi ya zimwi haupiti hivyo. Mtu hukaa nao wiki tatu, kipande chake kigumu akakirudia mara mia, hadi mkono ukaujua kuliko kichwa kinavyoujua. Siku thelathini zikiisha, kinachofungwa si wimbo pekee, ni uwanja ambao ustadi ule ulikuwa na maana ndani yake. Ni kama fundi wa kirumbizi, ngoma yetu ya kuchezwa kwa fimbo, kuambiwa kwamba fimbo aliyoizoea ni ya kuazima na imerudishwa kwa mwenyewe. Atapata nyingine, ndiyo, lakini kwa uzito mwingine. Kadiri mchezo unavyofundisha vizuri, ndivyo kodi hii inavyozidi kuuma, na sifa ya toleo hili, yaani ngoma isiyobadilika inayojenga mkono, ndiyo inayoifanya kasoro yake iwe kubwa kuliko ingekuwa katika mchezo mwingine.

Nasi tumekwisha kuona mwisho wa njia hii. Guitar Hero Live ilipotoka Oktoba 2015, sehemu kubwa ya nyimbo zake ilikuwa inaletwa kwa intaneti kupitia huduma yake ya GHTV, bila mchezaji kuwa na uwezo wa kuzimiliki. Seva, yaani kompyuta za kampuni zilizokuwa zikizileta, zilipozimwa tarehe 1 Desemba 2018, kati ya nyimbo 484 zilibaki 42, zile zilizokuwa ndani ya diski. Mwezi uleule wa Oktoba 2015 ilitoka Rock Band 4. Miaka kumi baadaye, mikataba ya nyimbo zake za mwanzo ilipofika kikomo, nayo iliondolewa madukani, lakini waliokuwa wamenunua waliendelea kucheza walichonunua. Michezo miwili ya mwaka mmoja, aina moja, gitaa la plastiki lilelile karibu; tofauti iko kwenye mkataba. Mchambuzi aliyeisifu Guitar Hero Live mwaka 2015 kwa wingi wa nyimbo alikuwa akisifu ghala ambalo ufunguo wake ulibaki kwa mwingine.

Kwa sababu hiyo nadhani uchambuzi wowote wa toleo la mchezo wa mdundo ungepaswa kutaja kwanza idadi ya nyimbo zitakazobaki siku ambayo seva haijibu, kisha ndiyo utaje zinazoweza kusikika. Katika Rhythm Festival, kwa hesabu ya Switch, idadi hiyo ni 76 pamoja na utakazozinunua mwenyewe, na kwa nyimbo hizo, zenye njia nzuri ya kujifunzia na spika yenye waya, nauona ni mchezo unaostahili fedha yake. Ningemshauri mnunuzi asilipie Pass isipokuwa kwa mwezi mmoja wa kuonja, kisha achague chache za kununua moja kwa moja. Mwenye chumba wa Langoni alifika huko bila kusoma makala yoyote. Alilipia mwezi mmoja kwa kadi ya jamaa yake aliye Mombasa, maana M-Pesa yake haikukubaliwa, akaona kwamba siku intaneti inapokatika wateja huketi wakitazama orodha wasiyoweza kuigusa, ilhali saa yao ya kulipia inakwenda. Mwezi ulipoisha hakurudia.

Iko njia nyingine, ambayo haimhusu mchambuzi wa bidhaa lakini inamhusu mpigaji. Programu ya osu!, inayotolewa bure tangu 2007, ina upande wake wa taiko wenye mapigo yaleyale mawili, na humo wachezaji huandika alama wenyewe juu ya wimbo wautakao. Mmoja wa vijana wa chumba kile ameanza kuandika kirumbizi, kutoka kwenye sauti aliyoirekodi kwa simu yake pale bandarini: katikati ya ngozi kwa vumi, ukingo kwa chapuo, na zumari likiachwa lijiimbie. Kikwazo kimekuwa namba. Kabla ya alama ya kwanza programu inataka iambiwe wimbo una mapigo mangapi kwa dakika, na ngoma ya kirumbizi haina namba moja. Wanaocheza wakikaribiana, nayo hukaza, wakiachana, hulegea. Kila inapobadilika inabidi aweke namba mpya. Kabla fimbo ya tatu haijagongana alikuwa ameshaweka saba, na yule mzee wa vumi, aliyekuwa amekaa nyuma yake na gilasi ya chai, akamwambia kwamba hapo bado hawajaanza kwenda mbio.